Genovia Ilivyofika Zombe

Kanisani kwetu ushuhuda una utaratibu wake. Unasimama, unamsifu Bwana, unawasalimu mchungaji na wazee, halafu unaeleza ulivyokuwa na ulivyo sasa. Watu hutarajia ugonjwa uliopona, mume aliyeacha pombe, au karo iliyopatikana shule zikifunguliwa kesho yake. Wangu una filamu ya watoto ndani yake, tena ya Wamarekani, ndiyo maana nilikaa nao muda mrefu nikiona haya. Siku nilipousimamia, mchungaji hakujua acheke au afumbe macho aombe. Mama mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa sauti, "Na hiyo filamu inauzwa wapi?" Kuanzia hapo sikusikilizwa tena. Basi niuandike.

Mimi ni wa tatu kati ya mabinti wanne. Kaka hatuna. Nyumbani ni nje kidogo ya soko la Zombe, Kitui Mashariki, huku ambako mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea, na ya Machi ikija tunashukuru. Baba analima ndengu, mbaazi na mtama, anafuga mbuzi, na ametundika mizinga kwenye mibuyu ya bondeni. Shamba aliachiwa na babake, Umau wetu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, na mkonge unaozunguka mpaka ulipandwa na Umau kwa mikono yake.

Hakuna aliyewahi kututukana kwa kuwa wasichana. Mambo yalisemwa kwa upole. Mgeni akija anahesabu watoto, akifika wanne anatazama mlangoni, anauliza, "Na wengine?" Mama anajibu, "Ndio hao." Kinafuata kimya, kisha chai. Susu, nyanya yetu, alimshauri Mama aoe iweto, maana kwa desturi yetu Wakamba mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea msichana mahari, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake na kuirithi. Siidharau desturi hiyo. Imezisimamisha nyumba nyingi ambazo zingekufa. Mama alikataa kwa sababu ya kawaida kabisa: mwaka huo hata sisi wenyewe hatukuwa tunashiba. Baba hakusema lolote. Ikajulikana tu, bila mkutano wala karatasi, kwamba siku moja shamba letu litalimwa na kijana wa baba mdogo.

Nikiwa mtoto nilikuwa na dawa yangu. Katika eneo bunge letu hili hili kuna jiwe la Nzambani, ambalo watu husema ukilizunguka mara saba unageuka: mwanamume anakuwa mwanamke, mwanamke anakuwa mwanamume. Nilimwomba Baba atupeleke sote wanne. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema mmoja tu angetosha, wengine tubaki tumsaidie Mama kuteka maji.

Nilipokua nilisomea ushonaji Kitui mjini, nikarudi na cherehani ya kukanyaga, nikakodi kibanda sokoni. Hapa msomaji anielewe nilivyokuwa, la sivyo habari hii itabaki hadithi ya sinema. Sikuwa na uchungu na mtu. Nilikuwa mpita njia. Pesa nikipata nilinunua vitu vinavyobebeka: sufuria, blanketi, godoro jembamba, pasi ya makaa. Mama aliwahi kunipa miche ya miembe nichague pa kuipanda; nikaipanda mbele ya mlango wake, ikawa yake. Mwembe huchukua miaka, nami nilikuwa na safari isiyo na tarehe wala mwenyeji.

Haki zetu tulifundishwa, asije mtu akasema hatukuambiwa. Kulifanyika semina kwenye ukumbi wa kanisa, na soda na mandazi. Tukaambiwa kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike. Tukaelezwa kesi ya Rono, ambapo Mahakama ya Rufaa mwaka 2005 ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa huenda ataolewa. Tukasomewa kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010, kinachotaka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Tuliitikia kwa vichwa. Tukarudisha chupa za soda kwenye kreti, tukaenda kupika. Ningeanzia wapi? Baba yuko hai, mzima wa afya, ananipenda. Nimwendee na kifungu mkononi nimwambie nini? Na wanaume wa kwetu si kwamba hawajui thamani ya mwanamke. Ndio hao hao waliompigia Charity Ngilu kura za urais mwaka 1997, na wakamfanya gavana mwaka 2017. Nchi nzima wangemkabidhi mwanamke bila shida. Mgogoro ulikuwa eka tatu za nyumbani.

Dada yangu wa pili alikuwa akifanya kazi za nyumbani Nairobi. Desemba moja, Katiba mpya ikiwa bado inanukia wino, alirudi na mfuko wa vitu ambavyo watoto wa mwajiri wake walikuwa wamevikinai: viatu, madaftari yaliyobaki kurasa, na DVD moja yenye mikwaruzo. Ilikuwa The Princess Diaries 2: Royal Engagement, ya mwaka 2004. Sehemu ya pili. Ya kwanza haikuwamo.

Sasa, kijana wa baba mdogo, yule yule mrithi, ndiye aliyekuwa na kibanda cha video pale sokoni: paneli ya sola, betri ya gari, runinga, na nyaya za kuchaji simu zikining'inia kila upande. Jioni alionyesha filamu za vita na karate, naye akizitafsiri kwa Kikamba papo hapo, kwa madoido ya DJ Afro, ambaye vijana wengi wa Kenya wamewahi kumwiga. Hiyo ya binti mfalme aliikataa. Alisema itamfukuzia wateja. Dada akamwambia ni Krismasi, familia yote itakuja, na soda atanunua yeye. Akalegea.

Tulijaa. Susu na watoto walikaa benchi ya mbele, Baba na baba mdogo kwenye viti vya plastiki, sisi na mama mdogo nyuma, na watu wa sokoni mlangoni. Kwa kuwa sehemu ya kwanza hakuna aliyeiona, mtafsiri alituanzia mbali: huyu msichana alilelewa na mamake Marekani, bila kujua kwamba babake ni wa ukoo wa kifalme, mpaka nyanya yake alipokuja kumtafuta. Nilidhani amebuni, kumbe alikuwa amepatia. Msichana ni Mia. Yeye akampa jina Mwende. Nchi yake, Genovia, ni ya kubuni, huko Ulaya. Yeye akaihamishia ng'ambo ya Mto Tana.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mia amemaliza chuo kikuu, ana miaka 21, anarudi Genovia kukirithi kiti cha nyanya yake, Malkia Clarisse. Mia ni Anne Hathaway. Nyanya ni Julie Andrews, ambaye humo anaimba kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwenye filamu tangu apasuliwe koo mwaka 1997. Mwongozaji ni Garry Marshall, na aliyeandika ni Shonda Rhimes, huyo huyo aliyeleta Grey's Anatomy mwaka uliofuata. Hayo nimeyajua baadaye. Usiku ule tulijua tu kwamba Mwende hujikwaa kila anakopita, na kwamba wasichana walipoteremka ngazi za ikulu juu ya magodoro, watoto wa Zombe walipiga kelele mpaka mbwa wa soko wakaitikia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye magauni. Nilikuwa nakadiria kila moja limekula mita ngapi.

Halafu likaja bunge. Mzee mmoja, Viscount Mabrey, anasimama na kusema sheria ya Genovia hairuhusu mwanamke kuvikwa taji kabla hajaolewa. Tena asipoweza, usiwe na wasiwasi, yuko kijana wa ukoo: mpwa wake Mabrey mwenyewe, Nicholas. Mia anapewa siku 30 atafute mume.

"Siku 30!" Susu akasema. "Hata mbuzi wa ntheo hawajafika!"

Kibanda kikacheka, maana kwetu ntheo ndiyo mwanzo wa mahari. Baba mdogo, ambaye filamu ilikuwa imemkolea, akasema kwa sauti yake ya baraza, "Sheria ni sheria."

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini mama mdogo akamjibu kutoka gizani, "Mabrey amesema."

Kicheko kile kilianzia nyuma, kikaenda mbele, kikarudi. Baba mdogo mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mara runinga ikamwonyesha Nicholas, mpwa anayengoja kiti cha mwenzake, na mtafsiri wetu, mdomo ukiwa tayari umefunguka kumtambulisha, akanyamaza. Hakuna mtu pale ambaye hakujua kwa nini. "Tafsiri!" watu wa mlangoni wakapiga kelele. "Huyo ni nani?" Akajikaza: "Huyu ni… kijana tu." Tulikufa. Ikazidi Nicholas alipoanza kumpenda Mia, maana kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka, na jambo hilo ni mwiko. Hapo mtafsiri akaamua kwamba wale wawili walikuwa wanapatana bei ya mbuzi, na akang'ang'ania hapo hadi walipobusiana, akazima sauti.

Mwisho ni kanisani. Mia amechumbiana na kijana mwingine, mpole, ambaye hawapendani. Siku ya harusi anasita, anatoka nje, kisha anarudi na kuwahutubia wabunge waliokaa humo kama waalikwa. Anawaomba wafikirie binti zao na dada zao, wajiulize kama wangewafanyia hivyo. Anataka sheria ifutwe. Wanaitikia ndiyo. Na kwa kuwa kanisa limepambwa na mchungaji yupo, Clarisse anaolewa na mkuu wa walinzi wake. Susu alipiga vigelegele. Kwake yeye filamu ilikuwa ya nyanya tangu mwanzo; huyo msichana alikuwa wa kupitisha muda tu.

Nimeitazama tena tangu siku hiyo, na siwezi kumdanganya mtu kwamba ni filamu kubwa. Mwisho wake unaujua kabla soda haijaisha. Genovia hakuna anayepalilia wala kuteka maji. Sheria ya tangu enzi inafutwa kwa dakika moja na watu waliovaa vizuri, wakati yetu ya 1981 ilitembea miaka na miaka kabla ya kufika ukumbi wa kanisa, na hapo ikaishia kwenye kreti ya soda. Lakini kwenye semina tulikuwa wanawake watupu na haki zetu. Kwenye kibanda Baba na baba mdogo walikuwemo, walikuwa wamekaa mbele, na walikuwa wamecheka. Mtu akishacheka jambo hadharani, kesho hawezi kulivalia koti na kulitetea kwa uso mkavu.

Tukirudi nyumbani Baba alitangulia na tochi. Akaniuliza bila kugeuka, "Yule msichana hakuwa na kaka?"

"Hakuwa naye, Baba."

"Na babake alishakufa?"

"Alishakufa."

Tukatembea mpaka kwenye mkonge. "Kama George," akasema. Sikumwelewa.

Nilimwelewa upimaji wa ardhi ulipofika upande wetu. Maofisa huja wakaketi na kamati ya wenyeji, wakapita shamba kwa shamba, mpaka kwa mpaka, wakiandika nani ni mwenye nini. Walipofika kwetu, karani alifungua kitabu akauliza liandikwe jina gani. Baba mdogo alikuwapo, na kijana wake. Baba akataja majina manne. Yetu, pamoja na la dada mkubwa, ambaye ameolewa Makueni na ana watoto.

Mzee mmoja wa kamati akasema kwa heshima, "Lakini mzee mwenzangu, huyu wa Makueni ana kwake."

Baba akavua kofia. Akasema babake, aliyepanda mkonge ule, alikuwa askari wa Mfalme George. Mfalme huyo alikuwa na wasichana wawili tu. Alipokufa, Februari 1952, binti mkubwa, Elizabeth, alikuwa hapa hapa Kenya, Nyeri, katika ile hoteli ya juu ya mti inayoitwa Treetops. Alikuwa ameolewa tangu 1947, ana watoto wawili. Hakuna aliyemwambia ana kwake. Hakuna aliyekwenda kuwatafuta vijana wa ndugu zake George. "Na baba yangu," akamalizia, "aliambiwa sasa apigie saluti malkia, akapiga. Mimi ni nani nimbishie?"

Wazee walitazamana. Karani akaandika.

Hoja ya Baba ina tundu, nami nimelijua baadaye. Elizabeth angekuwa na kaka, hata mdogo wake wa mwisho, kiti kingekuwa cha kaka. Waingereza wenyewe hawakuufuta upendeleo huo hadi walipotunga sheria mwaka 2013. Sijawahi kumweleza Baba. Nimsahihishe ili iweje?

Daftari la mashamba likishatangazwa, sheria inatoa siku 60 za kuweka pingamizi. Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Mia alikuwa na siku 30 za kutafuta mume. Sisi tulikuwa na 60 za kuomba baba mdogo asiamke vibaya. Haki ya kupinga alikuwa nayo, na washauri hawakukosekana, watu wa kukaa naye mtini na kumwambia mali ya ukoo inatoka nje. Ila Zombe ilikuwa imeshampa jina. Akienda dukani: "Mabrey, sukari kilo ngapi?" Akipita steji ya bodaboda: "Mabrey, twende?" Walimwita hivyo hata watu ambao hawakuiona filamu, ambao hawakujua kama Mabrey ni mtu au ni dawa ya kupe. Nyumbani, mama mdogo alimpakulia muthokoi akimwuliza kama bunge limeketi leo. Pingamizi lingemtaka apande matatu mchana kweupe, mbele ya soko zima, na soko lingejua anakokwenda. Hakwenda. Aliyelizima kabisa ni kijana wake, aliyesema mbele ya wazee kwamba yeye anatafuta mtu wa kumkopesha betri ya pili. Shamba la baba mkubwa halimo katika hesabu zake.

Sasa nilivyo. Kipande changu kiko upande wa bonde. Mwanzoni sikukigusa. Nilikuwa nakipitia jioni nikitoka sokoni, nasimama, naondoka, nikiogopa mtu asinione nimesimama kwangu. Kisha nikaweka akiba kwenye chama, nikanunua miche ya miembe iliyopandikizwa, Apple na Kent, nikachimba mashimo mwenyewe. Miti ikazaa. Inzi wa matunda wakala fungu lao, dalali akaja na bei ya dharau, na majirani zetu wa Makueni, walio na kiwanda cha matunda cha kaunti kule Kalamba tangu 2017, tukabaki kuwaonea wivu. Hizo ni shida za mwenye shamba, na ninazilalamikia kwa raha ambayo siifichi. Nimejenga tangi la maji la mawe na saruji. Halibebeki. Hata mume nimempata, baadaye, bila kuhimizwa na bunge lolote. Mbuzi wa ntheo walifika wote wakiwa wazima.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba sehemu ya tatu ya filamu ile itatengenezwa, Anne Hathaway akirudi, Adele Lim akiongoza. Dada alinirushia habari kwa WhatsApp, nami nikamrushia mtafsiri wetu, ambaye siku hizi anauza simu na hana tena kibanda cha video. Alijibu kwamba yuko tayari kutoka kwenye kustaafu, ila safari hii anataka kuisoma hadithi kwanza.

Baba mdogo bado anaitwa Mabrey, anaitika, na watoto waliozaliwa juzi wanadhani ni jina lake la ubatizo. Mawingu ya Oktoba yalipoanza kujikusanya alinijia kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akazungumza habari ya mvua, ya mbuzi, ya bei ya ndengu, ya goti lake. Hatimaye akasema, "Mama, yule mdogo wako wa mwisho amemaliza shule. Anataka mahali pa kupanda ndengu msimu huu. Huwezi kumkatia kona pale kwako?"

Nikamwambia shamba la babake limepakana na langu, kwa hivyo aanze kwa kumwomba babake. Akinyimwa, aje na mbegu.